Nakshi za Lipu na Kalibu za Wengine

Yapo mawazo yaliyoenea miongoni mwa wengi wetu, na kwa bahati mbaya yameenea zaidi miongoni mwa sisi tulio walimu, kwamba utamaduni wa taifa unakaa mahali pawili tu: uwanjani panapochezwa ngoma, na katika makumbusho panapotunzwa vinyago. Mtu akitaja ukuta, dari au lipu, huambiwa kwamba hayo ni mambo ya ujenzi, na kwamba ujenzi una wizara yake. Sisi tunayapinga mawazo hayo. Hatuyapingi kwa kuidharau ngoma. Tunayapinga kwa sababu ngoma huchezwa siku chache katika mwaka, ilhali ukuta hutazamwa kila siku, tangu mtu afumbuapo macho asubuhi hadi ayafumbapo usiku. Mtoto aliyelala miaka kumi na mitano chini ya dari moja amefundishwa na dari hiyo, apende asipende, na hakuna mkaguzi aliyewahi kuuliza amefundishwa nini.

Tumelazimika kuandika haya baada ya kupanda Igogo. Wasomaji wasioijua Mwanza tuwaeleze kwa ufupi. Igogo ni kata ya wilaya ya Nyamagana, karibu kabisa na katikati ya jiji. Chini yake ipo reli, ile iliyofika Mwanza kutoka Tabora mwaka 1928, na ng'ambo ya reli liko ziwa. Juu yake ni kilima cha mawe makubwa ya itale, yaliyokaa mengine juu ya mengine kana kwamba aliyeyapanga aliitwa akaenda zake kabla hajamaliza. Nyumba zimejengwa kati ya mawe hayo. Nyingine zimeliegemea jiwe kwa mgongo, na nyingine jiwe limeingia ndani likawa sehemu ya ukuta. Huko juu magari hayafiki. Maji, mchanga, bati na saruji hupandishwa begani au kichwani, kwa njia nyembamba ambazo wakati wa mvua hugeuka mifereji. Asiyepata kupanda huko na mfuko mmoja wa saruji hawezi kujua mfuko huo una uzito gani.

Tunaanza na mzigo huo kwa makusudi. Wapo wasemao kwamba nakshi za ndani ya nyumba ni anasa ya wenye nacho, na kwamba mwananchi wa kawaida anahitaji sakafu, paa na choo, basi. Waende Igogo wakatazame. Watamkuta mchuuzi wa samaki, au fundi viatu, au mama anayeponda kokoto kwa nyundo, ambaye amejenga kwa miaka minane chumba kwa chumba. Na siku alipomaliza kupiga lipu sebule yake, kabla hata ya kununua viti, alitenga fedha ya kuweka ua katikati ya dari na mikanda pembezoni. Mtu huyo hakushauriwa na bwanyenye yeyote. Amebeba kila kilo ya nyumba ile kwa shingo yake, na sasa anataka nyumba ile imwambie kwamba yeye ni mtu. Anayemwita mpenda anasa hajui haja ya binadamu, naye mara nyingi anasema hivyo akiwa ameketi chini ya dari iliyopambwa.

Basi tulialikwa katika nyumba moja iliyokuwa ikimaliziwa. Fundi alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, mwenye vumbi jeupe mpaka kwenye kope. Alitandika turubai sakafuni, akaweka kalibu ya mpira yenye ukubwa wa sinia, akaipaka mafuta kwa brashi ili kitu kisigande. Kisha akatia maji ndani ya ndoo na kunyunyiza poda ya jipsamu juu ya maji, wala si maji juu ya poda, mpaka kikatokea kisiwa kidogo kikavu kisichotaka kuzama. Hapo, alituambia, ndipo kipimo kimetimia. Akakoroga kwa mkono, polepole, asiingize mapovu. Akamimina tabaka la kwanza, akatandaza nyuzi za katani, akamimina la pili, akasawazisha kwa mwiko. Yote hayo aliyafanya kwa haraka isiyo na papara, kwa maana plasta haimsubiri mtu: baada ya robo saa hivi imeshika. Alituambia tuweke kiganja juu yake. Ilikuwa na joto kama chungu kilichoepuliwa muda si mrefu.

Nanyi wanafunzi mnaosoma kemia, joto lile lisiwapite. Jipsamu ni jiwe lenye maji ndani yake. Likichomwa kwa nyuzi 150 hivi hupoteza robo tatu ya maji hayo na kuwa unga. Unga huo ukirudishiwa maji huyanywa tena, hutoa joto, na kurudi kuwa jiwe kama ulivyokuwa, tena hutanuka kidogo sana kiasi cha kujaza kila mkunjo wa kalibu. Ndiyo siri ya kazi yote. Na jiwe hilo tunalo: huchimbwa Makanya wilayani Same, huchimbwa Itigi mkoani Singida, na lipo upande wa Kilwa mkoani Lindi. Katani tunayo, hakuna haja ya kuwasimulia Watanzania habari za katani. Maji ni ya ziwa letu na mkono ni wa kijana wetu. Katika vitu vyote vilivyokuwa juu ya turubai lile, kimoja tu hakikuwa chetu, nacho ni kalibu.

Alipoibandua, likatoka ua kubwa lililozungukwa na majani mapana yenye kingo zilizochanika na ncha zilizojipinda. Tukamwuliza: "Fundi, hili ni ua gani?" Akacheka. "Mwalimu, hili ni namba saba."

Dukani, kumbe, maua yana namba. Mwenye nyumba huonyeshwa picha, huchagua namba, na fundi huinunua kalibu yake au hununua ua lililokwisha kumiminwa. Siku hizi yapo hata yaliyotengenezwa kwa povu la plastiki, mepesi kama mkate, yanayobandikwa kwa gundi bila kuhitaji fundi wa kuyaumba. Hakuna anayejua ni mti gani, wala wa nchi gani.

Sisi tunaujua, na tutausema. Majani yale ni ya akanthus, mmea unaoota pembezoni mwa bahari ya Mediteranea. Wayunani waliyachonga juu ya nguzo za mahekalu yao, Warumi wakayachukua, na mataifa ya Ulaya yakayaiga kwa karne nyingi. Katika nyumba zao za fahari ua la katikati ya dari lilikuwa na kazi yake: lilizunguka mahali uliponing'inia mnyororo wa taa kubwa ya mishumaa. Kazi hiyo ilikuwa ya mafundi wa heshima, mpaka mwaka 1856 alipotokea mtu mmoja jina lake Leonard Desachy, akapata hataza Uingereza kwa ajili ya plasta iliyotiwa kitambaa ndani yake. Tangu hapo ua la dari liliweza kumiminwa karakanani, kusafirishwa na kupigiliwa misumari, na nakshi ikaingia katika orodha ya bidhaa. Nyuzi za katani alizotandaza kijana wetu ni mjukuu wa kitambaa kile. Katika Uingereza yenyewe, zama zile zile, walikuwapo watu kama John Ruskin na William Morris waliolalamika kwa sauti kubwa kwamba pambo linalotolewa na mashine kwa maelfu linamwua fundi kabla halijampendeza mnunuzi. Kwa hiyo anayedhani kwamba kulalamika kwetu ni wivu wa watu wa nyuma dhidi ya maendeleo, na akalalamike kwanza dhidi ya Waingereza hao.

Hatusemi kwamba jani la akanthus ni baya. Ni jani zuri. Tunasema kwamba limekaa juu ya vichwa vya watu wa Igogo bila ya kuitwa na mtu anayelijua, na kwamba mahali lilipokaa palikuwa na wenyewe.

Hapa tutakatizwa. Tutaambiwa: hatukuwa na nakshi za lipu hata mtu aje azinyang'anye. Maneno haya tumeyasikia katika chumba cha walimu, na yanatusikitisha kuliko yote, kwa sababu yanatoka kwa watu waliosomeshwa. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mwanafunzi akipelekwa kule huonyeshwa ukubwa wa kuta, huambiwa habari za dhahabu ya Sofala, hupewa soda, hurudishwa kwenye basi. Nani humwonyesha lipu? Husuni Kubwa, jumba la sultani Al-Hasan bin Sulaiman la karne ya 14, lilikuwa na kuta zilizopakwa chokaa laini na nakshi za kuchonga. Ule msikiti mdogo wa makuba, wa karne ya 15, ulipachikwa bakuli za kaure ndani ya lipu ya dari yake, ili mwenye kuinua macho aone mng'aro. Hayo yalifanywa na mafundi waashi wa pwani hii wakati mji wa Mwanza haujakuwapo, na wakati Amerika haijatajwa katika ramani yoyote ya Ulaya.

Kisha iko Lamu. Katika nyumba za mawe za Lamu, Shela, Siyu na Pate, hasa zile za karne ya 18, chumba cha ndani kabisa kina ukuta uliojaa vidaka, ambavyo kwa Kiamu huitwa zidaka: safu juu ya safu ya vijumba vidogo vya lipu, kila kimoja na tao lake, vikizungukwa na mikanda ya nakshi za mnyororo, za pembe, za duara zilizosukwa. Ndani ya baadhi yake ziliwekwa sahani za kaure. Chumba hicho ndicho kilichobeba mambo makubwa ya nyumba, uzazi, arusi na msiba. Wala si barazani ambako mgeni wa njiani angeyaona na kuyasifu. Jambo hili tunaomba litazamwe vizuri. Mswahili wa Lamu alificha uzuri wake mkubwa ndani, kwa ajili ya watu wake, ilhali sisi leo tunapamba sebule kwa ajili ya wageni.

Chokaa yake ilipatikanaje? Matumbawe yalipangwa juu ya magogo, yakapandishwa kuwa chungu kubwa la mviringo liitwalo tanuu, yakachomwa usiku kucha mpaka yakawa meupe na mepesi. Yakamwagiwa maji, yakapasuka na kuwa unga, na unga ukaachwa kwa miezi kadhaa uive. Chokaa mbichi haimwamini fundi, wala fundi haiamini. Ikiisha kuiva ilipakwa ukutani, na kabla haijawa ngumu kabisa fundi aliichonga kwa kisu, kwa mkono wake, akifuata mistari aliyoipima kwa bikari na kamba. Hapakuwa na kalibu. Ukuta wa nyumba hii haukuwa nakala ya ukuta wa nyumba ile. Ulikuwa ndugu yake. Chokaa hiyo huvuta hewa, na kadiri inavyovuta ndivyo inavyorudi kuwa jiwe mwaka baada ya mwaka. Wale walioikandika saruji juu ya kuta kuukuu za Mji Mkongwe wa Zanzibar, wakidhani wanaziimarisha, walizifungia unyevu ndani zikaoza. Hilo ni somo la ufundi, lakini sisi tunaliona kuwa somo la siasa pia.

"Hayo ni ya Waarabu," atasema mwingine. Tumechoka na jibu hili, ila tutalijibu mara moja tena. Wachimbaji wa mambo ya kale waliofanya kazi Shanga, katika kisiwa cha Pate, miaka ya 1980, wakiongozwa na Mark Horton, walikuta chini ya msikiti wa mawe msikiti mwingine, na chini ya huo mwingine, tabaka chini ya tabaka, hadi wakafika kwenye misikiti midogo ya miti ya karne ya 8. Mji haukushuka kutoka jahazini ukiwa tayari umejengwa. Ulikua hapo hapo, mikononi mwa watu wa hapo, wakipokea la mgeni lililowafaa na kuliacha lisilowafaa. Kama kupokea ni kukosa utamaduni, basi Ulaya nayo haina, maana tumekwisha kuona akanthus alikotoka.

Sasa turudi ziwani, kwani hoja ya mwisho ya wapinzani wetu ndiyo nzito zaidi. Wanasema: hata tukikubali kwamba pwani ilikuwa na nakshi, Mwanza si pwani. Nyumba ya Msukuma ilikuwa msonge wa miti, udongo na nyasi. Mtu wa Igogo akitafuta asili yake hatakuta dari hata ya kutundika ua. Wenye kusema hivi wana nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli ni hatari kuliko uongo mzima. Ni kweli kwamba hapakuwa na dari, lakini kuta zilikuwapo. Ukuta uliokandikwa kwa udongo na samadi na kulainishwa kwa kiganja cha mama ni lipu, tena lipu yenye alama za vidole vya mwenyewe. Na kuta za ndani zilipata kubeba picha. Mwaka 1953 Hans Cory, aliyekuwa mtaalamu wa mila katika serikali ya kikoloni, alichapisha kitabu kizima huko London juu ya picha zilizochorwa katika kuta za ndani za nyumba za Wayeye, chama cha wacheza nyoka wa huku Usukumani: nyoka, watu na wanyama, wakiwa wamepangwa kwa maana iliyofundishwa kwa wanachama. Kitabu hicho kimo katika maktaba za ng'ambo. Tumeuliza katika madarasa yetu ni mwanafunzi gani amewahi kuona japo ukurasa mmoja wake. Hakuinuka mkono hata mmoja, na ukweli ni kwamba na sisi tuliokuwa tukiuliza tulichelewa mno kukisikia.

Vuka Kagera uende Rwanda, upande wa Gisaka, mwendo usio mrefu kutoka katika ziwa letu. Huko wanawake walipamba kuta za ndani kwa nakshi ziitwazo imigongo. Jina hilo halihitaji mkalimani: ni migongo. Samadi ya ng'ombe ilichanganywa na majivu, ikapandishwa ukutani kwa vidole kuwa matuta membamba yaliyonyooka, yakapakwa rangi nyeusi, nyeupe na nyekundu, yakafanya pembe na mawimbi yanayocheza na mwanga wa mlango. Kazi hiyo ilikaribia kupotea. Baada ya mauaji ya mwaka 1994 wanawake wa sehemu hizo waliifufua katika vyama vya ushirika, na leo imigongo hupamba hoteli na ofisi za Kigali, na hununuliwa na wageni. Hakuna aliyewaambia kwamba samadi ni aibu. Waliotakiwa kuambiwa jambo kama hilo ni sisi, na tumelipokea haraka mno.

Kwa hiyo hazina ipo, ya pwani na ya ziwani. Lakini hatutaki kueleweka vibaya. Hatusemi watu wa Igogo wabomoe dari za jipsamu warudi katika samadi, wala hatumtaki fundi wa Mwanza anakili zidaka za Lamu kama anavyonakili namba saba. Huko kutakuwa ni kubadili bwana tu. Wapo ndugu zetu ambao kwao utamaduni ni kila kitu kilichokufa, na fundi hai anapopita na ndoo yake hawamwoni. Vitu vya kigeni vyenyewe si adui. Itazameni khanga. Kwa miaka mingi ilichapwa Uingereza, Uholanzi, India na Japani. Pamba haikuwa yetu, rangi haikuwa yetu, mashine haikuwa yetu. Lakini michoro na maneno yalitoka Zanzibar na Mombasa, kwa sababu mwanamke wa pwani aliikataa doti isiyompendeza, na mfanyabiashara akaelewa kwamba asipomsikiliza atabaki na marobota. Kiwanda cha Manchester kikawa mtumishi wa jina lisilojulikana la mwanamke wa Ng'ambo. Ndiyo maana khanga ni yetu, na hakuna anayebisha. Katika jipsamu mambo yamegeuka juu chini: jiwe linaweza kuwa letu, kazi ni yetu, na mchoro ni wa mwingine. Kwenye khanga tulikuwa maskini wa viwanda na matajiri wa kuchagua. Leo tunachagua kati ya namba.

Kosa hili ni la nani? Wengi watamtupia fundi. Sisi tunakataa. Kijana aliyejifunza kazi kwa kumbebea fundi mwingine ndoo, asiyepata kufundishwa kuchora, anayelipwa kwa dari na si kwa siku, hawezi kulaumiwa kwa kufuata kalibu inayompa ugali. Kosa ni la wale ambao kazi yao ni kufundisha. Tanzania imekuwa na sheria ya mafunzo ya ufundi tangu mwaka 1974, na VETA tangu mwaka 1994. Tangu Januari 2024, kwa mtaala mpya, mkondo wa amali umeanza kuingia katika shule za sekondari. Hayo ni mambo mema. Lakini mwanafunzi anayefunzwa uashi hufunzwa kuifanya lipu iwe bapa, na yule mwingine anayefunzwa sanaa za ufundi hufunzwa kupaka rangi karatasini; na kati ya ukuta ulio bapa na karatasi iliyopakwa rangi hakuna mlango. Mmoja hataitwa msanii kamwe, na mwingine hatashika mwiko kamwe. Wakoloni walipotenga kazi ya mikono na kazi ya akili walikuwa na sababu zao. Sisi sababu yetu ni ipi?

Na lisemwe tena kwamba gharama si kisingizio. Kalibu haihitaji kiwanda. Chukua udongo wa mfinyanzi, uutandaze juu ya ubao, uchonge nakshi yako kwa kijiti. Zungushia kingo za mbao, mimina plasta juu yake. Ikishika, bandua udongo, na unayo kalibu. Ipake sabuni au mafuta, umimine tena, na unayo nakshi. Darasa lolote lenye ndoo mbili laweza kufanya hivyo katika vipindi viwili vilivyofuatana. Mwalimu wa hisabati ataikuta humo jometri yake yote: duara lililogawanywa sehemu sita, pembetatu, ulinganifu, marudio. Mwalimu wa historia atakwenda na darasa lake Bujora, huko Kisesa kwenye njia ya Musoma, katika makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na Padre David Clement, na wanafunzi watanakili vitu kwa kalamu badala ya kupigwa picha mbele yake. Wa Kiswahili atawauliza majina ya kila nakshi, na wasipokuwa nayo watakwenda kuwauliza bibi zao. Tulimpelekea pendekezo hili mkuu wa shule moja. Alituuliza litaletwa katika swali gani la mtihani.

Tusije tukaonekana watakatifu. Mmoja wetu aliyeandika haya ana namba nne katika sebule yake, alilipia kwa mshahara wa miezi miwili, na alipokuwa akisoma rasimu ya makala hii aliinua macho akaitazama, akanyamaza.

Imebaki habari ya yule kijana wa Igogo. Tulipomwuliza kama amewahi kutengeneza kalibu yake mwenyewe alisita, kisha akasema amewahi, moja tu. Aliichonga kwa udongo kwa kufuata msuko wa ungo wa mama yake: mizunguko inayoanza katikati na kupanuka, ukili mweusi ukipishana na mweupe, ambapo mweusi aliufanya uzame na mweupe uinuke. Alimwonyesha mwenye nyumba ile ile tuliyoalikwa, akamwambia kwamba ataimimina kwa bei ya chini kuliko namba saba, maana hana kalibu ya kununua. Mwenye nyumba aliitazama muda mrefu, akasema ni nzuri, lakini ni mambo ya kijijini na wageni watamcheka. Hatumlaumu sana. Hajawahi kuona ungo juu ya dari ya mtu anayeheshimiwa, na hakuna kitabu cha shule kilichowahi kumwonyesha.

Kijana akaimimina katika chumba chake cha kupanga, kule juu kabisa kwenye mawe, siku ya Jumapili, kwa poda iliyobaki katika kazi za watu. Tulikwenda kuiona. Chumba ni kidogo. Mtu akilala kitandani mizunguko ile iko juu ya uso wake moja kwa moja, na jua la jioni linapoingia kutoka upande wa ziwa, sehemu zilizozama hujaa kivuli na sehemu zilizoinuka hung'aa, mpaka ungo wote unaonekana kama unapepetwa. Tulikaa pale kwa muda. Aliwasha jiko, akatupa chai.

Mwaka uliofuata alihama, kwa kuwa kazi zilikuwa zimehamia Buswelu ambako watu wanajenga. Tulipopita Igogo tukamwuliza mwenye nyumba wake habari za chumba kile. Alituambia kimepata mpangaji mpya, na kwamba kodi yake sasa ni ya juu kuliko ya vyumba vingine, kwa sababu kina dari ya nakshi.

Kalibu anayo. Ameifunga katika gunia la mchele, iko chini ya kitanda, na mpaka tunaandika haya hakuna mtu mwingine aliyeiulizia.